Fungu la Wagonjwa

Kwa miaka yote niliyomfahamu, mama yangu aliuza mboga ya managu, yaani mnavu, kwa mafungu mawili. La kushoto lilikuwa la watoto, la kulia la wagonjwa. Hakuandika popote, wala hapakuwa na kibao. Wateja wa mtaa wetu wa Shauri Moyo walijua tu, kama mtu anavyojua upande wa kitanda anaolalia. Mwenye mtoto anayetema mboga alichukua kushoto. Mwenye presha, mwenye sukari, aliyejifungua juzi, mzee aliyepoteza hamu ya chakula, wote walikwenda kulia, kwa yale majani madogo, magumu, yenye uchungu wa kukunja uso.

Siku hizi fungu ni moja. Mama anakaa nyuma yake kwenye kiti cha plastiki. Mguu wake wa kushoto unaishia chini ya goti, na mkongojo umeegemezwa kwenye gunia la viazi. Ukimwuliza kilichompata atakwambia ni sukari, na hatakuwa amekudanganya. Lakini sukari haikufika pale peke yake. Niliisindikiza mimi, tena nikiwa nimevaa koti jeupe.

Mafungu hayo aliyatenganisha kwa ulimi. Alfajiri mizigo ikishuka karibu na soko la Gikomba, alichagua gunia lake, akaja nalo kibandani, akaketi juu ya kreti ya soda. Alichomoa jani moja katikati ya kila kifungu, akaling'ata ncha kwa meno ya mbele, akaliacha ulimini kidogo, kisha akatema kwenye kopo la siagi. "Watoto." Kifungu kingine. "Wagonjwa." Hakuwahi kusitasita na hakuwahi kurudia. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza inakuwaje mboga ya aina moja iwe na ladha mbili. Akaniambia mmea ulionyimwa maji hukasirika, na hasira yake huiweka kwenye jani. Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, mhadhiri mmoja alitumia saa nzima na ubao mzima kutufundisha jambo hilohilo.

Yeye mwenyewe alikula fungu la kulia. Sukari ilimpata nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo vidonge vyake vilikaa kwenye kopo la kakao juu ya kabati, kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Wateja walipomwuliza kama managu inaweza kuchukua nafasi ya dawa, aliwacheka. "Mboga ni jirani mwema," aliwaambia, "lakini mlango unafungwa na kidonge." Naomba maneno hayo yakumbukwe, kwa sababu mbele kidogo utadhani mama yangu alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa na akili zake zote mpaka nilipomletea elimu yangu.

Mimi ndiye niliyesoma. Kwetu mtoto akisoma hasomi peke yake, mtaa mzima unasoma naye, na siku ya kufuzu kila mtu anataka kugusa joho. Jirani yetu aliyeuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, alikuwa akinionyesha kwa wateja wake kwa mwiko. "Yule ni daktari wa majani," aliwaambia. Nilimsahihisha mara mbili tatu, kisha nikachoka kumsahihisha, kisha nikaanza kulipenda jina hilo.

Kazi yangu ilikuwa kwenye maabara upande wa pili wa jiji, katika mradi wa vyakula vya afya. Fani yenyewe inaitwa metabolomiki, na ukishaondoa jina lake la kutisha, ni jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulielewa. Ndani ya jani kuna kemikali ndogondogo, mamia kwa maelfu: za rangi, za harufu, za uchungu, za kujikinga na jua na wadudu. Zamani mtaalamu alichagua moja akaifuata maisha yake yote. Sisi tunazipima zote kwa mkupuo. Jani linagandishwa, linasagwa, unga wake unalowekwa kwenye spiriti, kinachotoka kinachujwa na kutiwa kwenye kichupa kidogo kuliko kidole, halafu mashine inakitenganisha na kupima kila kilichomo. Kwenye kioo unaona vilele, virefu kwa vifupi. Vilele vingi havina jina, kwa maana hakuna mtu duniani anayejua ni kitu gani. Hilo nilipaswa kulitilia maanani zaidi.

Lengo lilikuwa zuri, na sitaki kulidharau hata leo. Tulitaka kupata mimea ya kwetu yenye kemikali zinazodhaniwa kuusaidia mwili wenye sukari au presha, kisha tuitie kwenye chakula ambacho mtu wa kawaida atakinunua dukani. Mkuu wa mradi alikuwa profesa mwenye sauti ya mhubiri. Siku moja kwenye kikao alilalamika kwamba sayansi imechelewa sana kubisha hodi jikoni. Nikainua mkono nikamweleza habari za ulimi wa mama yangu.

Mama aliitwa, akaja akiwa amevaa nguo yake ya kanisani na viatu vilivyombana. Maabara hairuhusu mtu kutia kitu mdomoni, kwa hiyo tulimpangia meza barazani: vifungu ishirini vya managu kutoka mashamba tofauti, kila kimoja na namba yake, glasi ya maji, na kopo. Profesa akaanza kumweleza jinsi ya kuonja. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, halafu akafanya kama anavyofanya siku zote. Chai yetu haikuwa imepoa alipomaliza. Alivipanga vifungu kuanzia cha watoto kabisa hadi cha wagonjwa kabisa, akapangusa mdomo kwa leso, akauliza kama kuna kazi nyingine.

Sisi tulihitaji siku nne. Tulipolinganisha, mpangilio wa mama na vilele vya zile kemikali za uchungu vilikwenda sambamba, isipokuwa vifungu viwili vilivyobadilishana nafasi, cha kumi na moja na cha kumi na saba. Profesa akasema si haba kwa binadamu. Nilimpigia mama simu nikampa habari, nikamtajia hivyo viwili. Akavikumbuka vyote viwili.

"Kumi na moja ni ya watoto," akasema. "Mashine ikikataa, basi kuna mtu amekosea hapo kwenu."

Nilirudi kwenye jokofu nikaangalia vichupa. Kulikuwa na mtu aliyekosea, na mwandiko kwenye zile lebo ulikuwa wangu. Nilikuwa nimezibadilisha. Tuliporudia kupima, mama na mashine wakakubaliana kutoka mwanzo hadi mwisho. Pale palikuwa na watatu waliofanya kazi, na wawili walikuwa sahihi.

Tulimwalika tena, akapewa soda na keki, ambayo aliikata kipande kidogo akakifunga kwenye karatasi awapelekee watoto wa jirani. Akapigwa picha kando ya mashine. Aliipapasa ubavuni kama ng'ombe aliyekamuliwa vizuri. "Kumbe na wewe unajua," akaiambia. Tulicheka sote, na mimi nilicheka kuliko wote. Hatukujua kwamba yeye hakuwa anatania. Mtu akisimama upande wako siku ambayo wengine wamekutilia shaka, humwulizi tena maswali. Tangu siku ile mama yangu aliihesabu ile mashine kuwa shahidi wa kweli.

Sasa, kupata kemikali kwenye jani si kupata chakula. Chakula lazima mtu akubali kukimeza. Tulikausha majani machungu, tukayasaga, tukachanganya na unga wa mahindi, tukapika uji, tukawaita watu waonje kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Donholm. Sitasahau nyuso zao. Mama mmoja mwenye miwani ya bei aliuliza, kwa upole kabisa, kama kuna kitu kimeoza. Ripoti ikaenda kwa wafadhili, na wafadhili wakajibu kwa mstari mmoja: uchungu upungue.

Ukapungua. Kwanza tulipunguza majani. Halafu tukayachemsha na kumwaga maji. Mwishowe profesa akaagiza tutumie managu ya majani mapana, ile laini, inayomwagiliwa maji kila siku na ambayo haijawahi kukasirika. Kwa lugha ya kwetu, fungu la kushoto. Nilimwambia kwamba vile vilele tulivyovishangilia vimebaki vifupi kama nyasi zilizofyekwa. Akanijibu kwamba hata kidogo husaidia. Nikamwambia hatujampa huo uji hata mgonjwa mmoja tukampima damu. Akasema hiyo ni awamu ya pili. Nimefanya kazi kwenye miradi mitatu maishani mwangu na sijawahi kukutana na awamu ya pili uso kwa uso.

Baada ya hapo akaniomba niandike maneno ya Kiswahili ya kwenye pakiti. "Wewe ni wa mitaa ya Eastlands," alisema. "Unajua watu wanavyoongea." Kichwa kilivimba. Niliketi mezani nikamfikiria mama yangu akisoma, nikachagua maneno mafupi ambayo hayatamchosha: Mboga ya asili iliyopimwa kwa mashine ya kisasa. Chakula cha afya kwa wenye sukari na presha. Ukiniuliza, kila neno lilikuwa kweli. Mboga ilikuwa ya asili. Mashine ilikuwa ya kisasa na ilikuwa imepima. Na kusema chakula ni cha wenye sukari si kusema kitawafanyia nini. Nimewahi kumsikia wakili akimtetea mwizi kwa njia hiyo, na nilimchukia.

Nilimpelekea mama pakiti sita, Jumamosi asubuhi, kibanda kikiwa na watu. Jirani wa githeri alikuwepo na sufuria yake. Alikuwepo pia mzee mmoja fundi wa kukunja mabati, mwenye sukari kama mama, mteja wa fungu la kulia tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Mama akafuta mikono kwenye aproni, akaishika pakiti mbali kidogo na macho, akasoma kwa sauti huku kidole kikifuata maneno. Alipofika kwenye mashine akatabasamu. "Ni ile yetu," akawaambia. Kisha akanigeukia.

"Hii ni ile ya wagonjwa?"

Jibu lilikuwa la neno moja na nilikuwa nalijua. Lakini jirani alikuwa ananitazama, mzee alikuwa ananitazama, na mama alikuwa ameshika ile pakiti kwa mikono miwili kama cheti changu cha pili. Nani angetaka kuwa daktari wa majani aliyeleta fungu la watoto?

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Akapika palepale, kisufuria kidogo juu ya jiko. Uji ulipoiva akajimiminia kikombeni, akaonja. Akafanya kile nilichomwona akifanya maisha yangu yote: akauacha ulimini, akangoja. Uso wake ukabaki na swali.

"Sisikii uchungu," akasema.

"Mashine imetoa uchungu, Mama, ikaacha dawa."

Hakuna mtu aliyewahi kutamka maneno hayo maabara, hata profesa kwa mdomo wake mtamu. Niliyatunga mimi, nimesimama kati ya viazi na vitunguu, na yalitoka kwa urahisi ambao bado unanitia aibu. Mama alinitazama mimi, akatazama kikombe, akameza. Mzee akasema, "Nipee pakiti mbili." Jirani wa githeri akatikisa kichwa kwa furaha. "Mathe, huyu msichana wako ni noma," akasema, na mama akainama kuchochea makaa ili tusione anavyojivuna.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, kipande kwa kipande. Kuanzia wiki ile mama alikunywa uji huo kikombe asubuhi na kikombe jioni, na pakiti zilipoisha nilimletea nyingine. Vile vidonge vilikuwa vimemsumbua tumbo kwa miaka mingi, na foleni ya kliniki ilikula siku nzima ya biashara. Aliacha kwanza kidonge cha jioni. Alipoona hakuna kilichotokea akaacha na cha asubuhi. Hakunificha. Alidhani najua. Si mimi ndiye niliyemwambia dawa iko ndani?

Na unga ni unga. Uji wa mahindi mara mbili kwa siku, kwa mtu mwenye sukari, bila vidonge: mtoto wa darasa la sita angeliona shimo hilo. Mimi nilikuwa naandika makala. Nilikwenda kumwona kila Jumapili ya pili, nikamwona amepungua mwili, nikamsifu kwamba amekuwa kama msichana. Nilimwona anakunywa maji jagi baada ya jagi na kwenda chooni kila mara. Nikasema ni joto. Mtu anayeweza kusoma vilele mia tatu kwenye kioo alikaa sebuleni mwa mama yake, akala chapati, akasema ni joto.

Karibu na Krismasi kaa la moto liliruka kutoka kwenye jiko likatua juu ya kidole chake cha mguu, na hakulihisi. Aliliona alipoinama kuokota kifuniko. Alifunga kitambaa, akavaa soksi, akaendelea kuuza. Nilipofika Jumapili iliyofuata niliisikia harufu kabla sijakaa.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Ni kidonda tu. Kinapona."

"Vidonge unameza?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Vya nini tena?"

Hospitalini daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alifungua kile kitambaa, akakikagua kidonda, halafu akamwuliza mama anatumia dawa gani. Mama akafungua mkoba wake akatoa pakiti. Ilikuwa tupu, imekunjwa vizuri mara nne, imehifadhiwa pamoja na kitambulisho na kadi ya kanisa. Alimpa kwa mikono miwili. Kijana yule akaisoma kwa sauti, yote, na kila neno nililokuwa nimelichagua kwa ajili ya macho ya mama likatoka mdomoni mwake limejaa hasira.

"Nani amewaandikia watu vitu kama hivi?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kitandani. Mama hakunitazama. "Ni watu wa mashine," akasema. Hakunitaja. Na mimi pia sikujitaja. Kati ya mambo yote niliyoyafanya katika habari hii, hilo la kunyamaza ndilo ninalolichukia zaidi, kwa sababu hapo hapakuwa tena na majirani wa kuwafurahisha.

Kwanza walikata kidole. Halafu nusu ya wayo. Kabla ya Pasaka walikuwa wamefika chini ya goti. Shuleni tulifundishwa methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mwalimu alituchapa tukiisahau. Hakuna aliyetufundisha habari ya mkuu anayemsikia mtoto.

Profesa alikuja kumwona wodini. Alisikitika, tena kwa dhati, siwezi kumsingizia. Aliketi pembeni ya kitanda akamwita mama mwalimu wake. Alikuwa amemletea mfuko wa maembe na ndizi mbivu, mgonjwa wa sukari, na mama akamshukuru akawagawia wauguzi. Tulipotoka koridoni nilimwambia yale maneno yaondolewe kwenye pakiti. Akaniweka mkono begani. "Lakini pakiti haikumwambia aache dawa," akasema. Ni kweli. Haikumwambia. Aliyemwambia alikuwa na shahada, na profesa hakuwa na habari hiyo, na mimi sikumpa. Nilipiga kelele kuhusu pakiti kwa sababu pakiti haiwezi kunijibu.

Baada ya vikao vingi waliongeza mstari kwamba unga si badala ya dawa. Waliuweka chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa siafu, tena kwa Kiingereza. Unga wenyewe ulikaa kwenye rafu za supamaketi moja Donholm kwa miezi kadhaa, kisha ukatoweka. Usidhani uliondolewa kwa ajili ya mguu wa mtu. Uliondolewa kwa sababu haukununuliwa. Wenye miwani ya bei walisema bado una ladha ya majani.

Nilimtafuta yule mzee fundi bati nikiwa na hofu. Nilimkuta kwenye kazi yake, nyundo mkononi, miguu yote miwili chini. Nikamwuliza kama aliacha vidonge. Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi dawa napewa na mke wangu," akasema. "Na yeye hajui kusoma, kwa hivyo hakuona hiyo maneno yenu."

Ningependa kuandika kwamba niliacha kazi. Sikuacha. Nipo palepale, sasa tunapima mboga ya mrenda, na nikiulizwa maoni kuhusu maneno ya pakiti nasema mambo ambayo hayanifanyi nipendwe. Wenzangu wanasema nimekuwa mkali tangu mama augue. Wanalisema kwa huruma, na huruma yao inanichosha.

Mama alirudi kibandani alipozoea mkongojo. Tulimkataza sote, akatuuliza kama tunataka afe akitazama ukuta. Nikaanza kwenda kila Jumamosi kumsaidia kuchambua mboga. Niliona kwamba managu yote anaiweka pamoja, fungu moja katikati ya meza. Nikadhani ni uchovu. Lile kopo la siagi lilikuwepo bado, kavu, limewekwa vijiti vya kiberiti.

Kukiri kwangu nilikubeba miezi mingi. Nilikuwa nimekuandaa kwa maneno marefu, yenye sababu ndani yake, wafadhili, awamu, shinikizo. Asubuhi moja, mikono yetu yote minne ikiwa kwenye karai moja, maneno hayo yote yakapotea yakabaki machache.

"Mama, ule unga ulikuwa wa fungu la watoto."

Hakuacha kuchambua. "Najua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Ulimi uliniambia kabla sijameza." Akachagua jani lililotobolewa na mdudu, akalitupa. "Nikauambia unyamaze. Nikauambia mtoto wangu amesoma."

Niliendelea kuchambua. Alikuwa anasema taratibu, bila kunitazama, kama mtu anayeeleza njia ya kufika mahali.

"Miaka yote ile haukuwahi kunidanganya," akasema. "Mara moja tu nikaukatalia. Sasa nitauuliza nini tena?"

Nilielewa kwa nini fungu ni moja. Nilitamani anitukane. Mama wengine wa pale sokoni wana matusi ya kumkausha mtu mate, na ningeyapokea yote nikashukuru. Yeye alisogeza karai karibu yangu ili nisiiname sana.

Wakati huo yule mzee fundi bati akafika na mfuko wake, akatusalimia, akamjulia mama hali ya mguu. Kisha akatazama mezani, akatafuta upande wa kulia ambao haupo.

"Mama, nipee ile kali."

Mama akanyoosha kidevu upande wangu. "Muulize daktari," akasema. Hakusema kwa kejeli. Kejeli ningeijua, na ingeniuma zaidi kwa muda kisha ipite. Alisema kama mtu anayekabidhi kitu ambacho hakihitaji tena.

Nilivuta kifungu, nikachomoa jani moja katikati. Nikaling'ata ncha kwa meno ya mbele, nikaliacha ulimini, nikangoja. Nilisikia ubichi, na udongo, na uchungu kiasi fulani. Nikajaribu kifungu kingine. Ubichi, udongo, uchungu kiasi fulani. Mzee alikuwa anangoja, mfuko wake wazi, ananitazama kwa heshima ileile ya Jumamosi ile. Mama naye alikuwa ameacha kuchambua.

Nikamimina vijiti vyake vya kiberiti mezani, nikatema kwenye kopo. Nikamwambia mzee kwamba sijui, kisha nikamwuliza kama amemeza vidonge vyake vya asubuhi.